Ngaahika Ndeenda ilirejea jukwaani. Je, hadhira yake ilirejea?

JUMATANO moja ya likizo ya Desemba, siku ya soko mjini Taveta, nilikuwa nimeketi nje ya duka la mpwa wangu nikingoja jua litulie. Kijana mmoja aliyekuwa amemaliza kidato cha nne alinikaribia, kitabu kikiwa kwapani.

"Shikamoo, Profesa. Kile kitabu ulichotuachia nimekimaliza. Sasa nikuulize kitu. Huu mchezo si walisema umerudishwa Nairobi? Mbona sisi huku hatuletewi?"

Kitabu chenyewe kilikuwa Nitaolewa Nikipenda, tafsiri ya Kiswahili ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Nilimjibu kwa mzaha kwamba Nairobi ni mbali na waigizaji hula sana. Akacheka, akaenda zake. Lakini swali lake lilinikaa kifuani, na leo ningependa kulijibu kwa utaratibu kwa sababu ni swali la lugha kabla ya kuwa swali la nauli.

Kwanza tukumbushane. Tamthilia hii ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 2 Oktoba 1977 katika kituo cha elimu na utamaduni cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Walioicheza hawakuwa waigizaji wa kulipwa. Walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya majanichai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, na akina mama wa kijijini. Jukwaa lenyewe lilikuwa la wazi, lisilo na paa, na wanakijiji walilijenga kwa mikono yao. Tarehe 16 Novemba mwaka uo huo kibali cha kuionyesha kiliondolewa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini Kamiti bila ya kushtakiwa hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 kikundi hicho kilijaribu tena kwa tamthilia nyingine ya nyimbo, Maitũ Njugĩra. Kilipofika Jumba la Kitaifa la Maonyesho, Nairobi, kilikuta milango imefungwa. Machi mwaka huo jukwaa la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Waandishi wote wawili waliishia uhamishoni. Wa Mĩriĩ alifariki Zimbabwe mwaka 2008, na wa Thiong'o alituaga Marekani tarehe 28 Mei 2025.

Katikati ya misiba hiyo miwili, Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ilipanda jukwaa la Jumba lile lile la Kitaifa, chini ya uelekezi wa Stuart Nash wa Nairobi Performing Arts Studio. Ilichezwa kwa lugha mbili, Kikuyu na Kiingereza, kila lugha na zamu yake. Miaka 45 kasoro miezi michache ilikuwa imepita. Nilikuwapo, na nilikwenda mara mbili, kila lugha mara moja.

Tuanze na neno. Tendo hili la kuleta tena jukwaani mchezo wa zamani tuliite nini kwa Kiswahili? Magazetini nilisoma kwamba tamthilia "imefufuliwa". Kufufua ni kitenzi kizuri, lakini tazama kinachobeba. Kina undugu na -fa na mfu. Anayefufuliwa lazima awe amekufa kwanza. Wengine husema "kuhuisha", yaani kutia uhai, kitenzi chenye asili moja na neno hai. Hiki ni cha upole zaidi, maana kitu kinaweza kuhuishwa kikiwa kimedhoofika tu, hakijafa. Kijana wangu wa sokoni hakutumia lolote kati ya hayo. Alisema "umerudishwa". Kurudisha au kurejesha si kazi ya tabibu wala ya nabii. Ni kazi ya mtu aliyechukua kitu kisicho chake. Ukiazima jembe unalirejesha. Ukipokonya shamba unatakiwa kulirejesha.

Mimi ninaegemea upande wa kijana. Ngaahika Ndeenda haikufa. Kitabu cha Kikuyu kilitoka mwaka 1980, cha Kiingereza mwaka 1982, na cha Kiswahili kikafuata njia hiyo hiyo. Kilichotoweka ni kuonyeshwa kwake mbele ya watu, na hicho hakikujifia, kilizuiwa. Kwa hiyo neno kurejesha linasema ukweli wa kihistoria ambao neno kufufua linaufunika.

Neno la pili ni hadhira. Wanafunzi wa fasihi simulizi hukariri kwamba kuna hadhira tuli na hadhira tendi: ya kwanza husikiliza tu, ya pili hushiriki kwa kuimba, kuitikia, kuuliza na hata kumsahihisha msimulizi. Hadhira ina asili ya Kiarabu, pamoja na ndugu zake hudhuria, mahudhurio na hadharani. Maana ya ndani ni wale waliopo. Asiyekuwapo si hadhira, hata kama habari inayosimuliwa inamhusu kuliko walioketi mbele. Hapo ndipo penye mzizi wa swali la Taveta.

Sasa nieleze niliyoyasikia. Usiku wa Kikuyu ukumbini mlikuwa na wazee wengi, baadhi wameletwa na wajukuu wao. Nyimbo zilipoanza, hasa zile zinazokumbusha enzi za Mau Mau, sauti zilitoka kwenye viti kabla ya kutoka jukwaani. Mama mmoja jirani yangu alikuwa akiimba huku amefumba macho. Tulipotoka nilimuuliza ameuonaje mchezo. Akaniambia, "Si mchezo, baba. Hizo nyimbo tuliziimba tukiwa wasichana." Kwa mama huyu sherehe yote ilikuwa kumbukumbu, na alistahili kuipata.

Usiku wa Kiingereza ulikuwa na vijana zaidi. Walicheka kwa wingi, walipiga makofi kwa wingi, na simu zilitolewa kwa wingi. Nje, maoni yalitofautiana. Kuna aliyesema, "Muziki ulikuwa moto, lakini mahubiri ni mengi." Mwenzake akamjibu kwamba hayo mahubiri ndiyo yaliyomtia mwandishi jela. Wa tatu akauliza inakuwaje tamthilia ya kupinga ukoloni ielekezwe na Mwingereza. Swali hilo si la kubeza, ingawa mimi huona kwamba aliyefungua mlango uliofungwa tumshukuru kwanza, kisha tujiulize kwa nini hatukuufungua sisi.

Nilichokiona katika maoni hayo yote ni kwamba watu walikuwa wakizungumza juu ya tamthilia kama tukio la kihistoria. Walijua iliwahi kupigwa marufuku. Walijua habari za Kamiti. Walikuja kuona kitu ambacho serikali ilikiogopa. Hans Robert Jauss, mtaalamu Mjerumani aliyeasisi nadharia ya upokezi mwishoni mwa miaka ya 1960, alituachia dhana ya upeo wa matarajio. Alisema kwamba msomaji au mtazamaji haji mtupu. Huja na anayoyajua, aliyoyazoea na anayoyatumai, na kazi ya sanaa hupimwa ndani ya upeo huo. Upeo ukibadilika, kazi hubadilika maana hata kama halijaongezwa neno moja.

Mwaka 1977 hadhira ya Kamĩrĩĩthũ ilimtazama Kĩgũũnda, kibarua wa shambani mwenye ekari moja na nusu na hatimiliki anayoithamini kama mboni ya jicho, ikajiona yenyewe. Mwaka 2022 hadhira ya Nairobi ilimtazama Kĩgũũnda yule yule ikamwona Ngũgĩ. Simlaumu mtu kwa hilo. Lakini tofauti ni kubwa. Anayejiona mwenyewe jukwaani hurudi nyumbani akijiuliza atafanya nini kesho. Anayemwona shujaa aliyepita hurudi nyumbani amefurahi.

Hapa tukumbuke pia jinsi tamthilia ilivyotengenezwa. Ngũgĩ ameeleza katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha 1986, kwamba mazoezi ya Kamĩrĩĩthũ yalifanyika hadharani. Wanakijiji walikuja, wakatazama, wakasahihisha. Wazee walimkosoa profesa matumizi ya lugha: mzee hasemi hivi, msichana hamjibu babaye namna hii, wimbo huu hauimbwi mahali hapa. Maoni ya hadhira hayakungoja pazia lifungwe. Yaliingia ndani ya matini. Tunapouliza leo hadhira ilisema nini juu ya onyesho la 2022, tunauliza baada ya kazi kwisha. Kamĩrĩĩthũ waliuliza kabla.

Turudi Taveta. Baada ya kuulizwa lile swali, niliomba vijana kama kumi na wawili tukutane jioni uani kwa dada yangu, tusome kwa sauti sehemu ya Nitaolewa Nikipenda. Haikuwa onyesho. Hapakuwa na maleba wala taa, ila balbu moja ya uani na mbu wengi. Tuliwaalika majirani, na watu wazima kama ishirini wakaja, wengine na vigoda vyao.

Kwa ambaye hajaisoma, hadithi kwa ufupi ni hii. Ahab Kĩoi, tajiri na mtu wa kanisa, anamtembelea mfanyakazi wake Kĩgũũnda. Kĩgũũnda na mkewe Wangeci wanadhani posa imekuja, maana binti yao Gathoni ana uhusiano na mtoto wa Kĩoi. Kumbe mgeni anawataka wafunge ndoa upya kanisani. Nyuma ya pazia, washirika wa Kĩoi wanaitamani ile ekari moja na nusu ili wajenge kiwanda cha dawa ya wadudu pamoja na wageni. Kĩgũũnda anachukua mkopo ili afanye harusi ya fahari, anaweka hatimiliki rehani, kazi inakatika, ardhi inapigwa mnada. Gathoni, akiwa mjamzito, anakataliwa.

Msomaji asiyeijua Taveta huenda akashangaa kwa nini uani mlinyamaza tulipofika kwenye rehani. Taveta ni mji ulioko kati ya ziwa Chala na ziwa Jipe, ardhi yenye maji ya mto Lumi na udongo unaootesha ndizi na nyanya zinazolisha soko letu. Lakini sehemu kubwa ya ardhi hiyo iligeuka mashamba ya mkonge chini ya Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza, ambaye katika miaka ya 1930 alijijengea ngome juu ya kilima na kuitazama nchi yote iliyo chini. Ngome ingali pale. Grogan alifariki mwaka 1967, lakini suala la nani mwenye ardhi na nani skwota halikuzikwa naye. Kila uchaguzi hufufuka, na hapa natumia kufufuka kwa makusudi, maana baada ya uchaguzi hulazwa tena.

Maoni yalipoanza, hakuna aliyemtaja Ngũgĩ. Hakuna aliyetaja Kamiti. Mzee wa miaka themanini na ushei, ambaye mimi mwenye mvi huniita kijana, aliuliza, "Kijana, huyo Kĩgũũnda alisoma ile karatasi kabla ya kutia kidole?" Nikamwambia kitabu hakisemi aliisoma vizuri kiasi gani. Akatikisa kichwa. "Basi aliyeandika anatujua."

Mama aliyefanya kazi ya kukata mkonge ujana wake wote alisema maneno machache tu. "Yeye angalau alikuwa na taito ya kuuza. Baba yangu alizikwa kwa ardhi ya mtu." Hakuendelea, na hakuna aliyemhimiza aendelee. Katika miaka zaidi ya thelathini ya kufundisha tamthilia sijapata uhakiki uliopenya namna ile. Kwa sentensi mbili alikuwa ameonyesha kwamba msiba wa Kĩgũũnda, ambao sisi wahakiki huuita kilele cha unyonge, kwa mwingine ni hatua moja juu yake.

Hawakukubaliana wote, na ingekuwa uongo nikidai hivyo. Mzee wa kanisa alilalamika kwamba tamthilia inawachora waumini kama wanafiki. "Mimi nilifunga ndoa kanisani na shamba langu liko," akasema, watu wakacheka. Mwalimu mstaafu, rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, alisema wahusika wabaya ni wabaya mno na wazuri ni wazuri mno, hakuna mtu wa kawaida humo. Nadhani ana hoja. Ni tamthilia ya kufundisha, na mwenye kufundisha hupenda rangi mbili. Msichana mmoja naye aliuliza jambo ambalo sikulitarajia: mbona kitabu kimebeba jina hili, nitaolewa nikipenda, ilhali Gathoni hapewi nafasi ya kupenda wala kuamua? Nilimwambia aliandike swali hilo, likimfikisha chuo kikuu litamtosha kwa tasnifu.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa kijana mwingine. "Baba Mkubwa, hii hadithi ni tamu. Lakini majina yote ni ya Kikuyu na nyimbo ni zao. Sisi Wataveta tunaingia wapi?"

Hili ni swali la tafsiri, na linahitaji jibu la kitaalamu. Kuna sehemu ya Ngaahika Ndeenda inayovuka mpaka wa lugha bila shida: hadithi, hoja, mzaha, hasira. Kuna sehemu isiyovuka, nayo ni wimbo. Kikuyu ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya maana ya neno, na mahadhi ya wimbo hukaa juu ya toni hizo. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Kina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiyachukua maneno ya Kiswahili ukayavisha mahadhi ya Kikuyu, mkazo unaangukia pasipo pake, na msikilizaji anahisi amevalishwa kanzu ya mtu mwingine. Isitoshe, wimbo uliomfumbisha macho yule mama wa Nairobi haumfumbishi macho mtu wa Taveta. Kumbukumbu haitafsiriwi.

Kwa hiyo tamthilia ya nyimbo haitafsiriwi yote. Nusu yake hutungwa upya. Na neno "tamthilia ya nyimbo" lisituchanganye. Baadhi yetu husema "tamthilia ya muziki", wengine "mchezo wa nyimbo", kana kwamba ni aina mpya iliyotoka London. Ngano zetu zina nyimbo ndani yake tangu hapo. Mtambaji akifika mahali pagumu, huimba, na watoto huitikia. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho ya mwaka 1976, walishatukumbusha kwamba maonyesho ya Kiafrika hayakuanza na jukwaa la Mzungu. Aliyetenga maneno na ngoma si sisi.

Basi nikamjibu yule kijana: mtaingia kwenye nyimbo. Hadithi mmeshapewa. Tafuteni nyimbo za kazi za mashamba ya mkonge, muwaulize akina mama wangali wanazikumbuka. Sikilizeni nyimbo za harusi za Kitaveta. Mkifika Voi na Mwatate, waulizeni ndugu zetu Wataita juu ya Mwazindika, na wapi inafaa kuchezwa na wapi haifai. Kisha fanyeni kama Kamĩrĩĩthũ: zoezeni hadharani, wazee wawasahihishe. Bila shaka haki za waandishi na wachapishaji ziheshimiwe, ruhusa iombwe kabla ya kuuza tikiti hata moja.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba profesa anataka kuichakachua kazi ya fasihi. Siamini hivyo. Onyesho la 2022 lilifanya kazi kubwa ya kuilinda tamthilia na kuwapa wazee wa 1977 na wajukuu wao usiku ambao walikuwa wamenyimwa. Nampongeza kila aliyehusika. Lakini kazi hiyo ilikuwa ya kurejesha tamthilia mahali ilipozuiwa kuingia, yaani katika Jumba la Kitaifa. Bado haijarejeshwa kwa watu wa namna ile iliyoandikiwa. Kibarua wa Limuru wa mwaka 1977 hakuhitaji kupanda gari ili aone maisha yake. Kibarua wa Taveta wa leo anahitaji nauli ya kutwa nzima kupitia Voi, malazi, tikiti, na juu ya hayo ajue Kikuyu au Kiingereza cha jukwaani. Ndiyo maana nimesema swali la kijana wangu ni la lugha kabla ya nauli. Nauli inaweza kuchangwa. Lakini akifika akakuta lugha si yake, atakuwa amehudhuria bila ya kuwa hadhira.

Kiswahili kinaweza kuifanya kazi hiyo, na tafsiri tunayo tangu zamani. Walimu wa tamasha za drama, vyuo vyetu na wizara za utamaduni za kaunti wanaweza kuichukua wakati wowote. Tafsiri iliyokaa rafuni bila ya kutamkwa kwa sauti ni sawa na mbegu iliyowekwa vizuri kwenye mtungi. Haijaharibika, lakini hakuna anayekula.

Usiku ule uani kwa dada yangu tulimaliza kusoma saa nne kasoro. Watu walibeba vigoda vyao wakaondoka mmoja mmoja. Yule mama wa mkonge alibaki nyuma kidogo, akakiomba kitabu. Nilimuuliza kama anaona vizuri maandishi yake madogo. Akanijibu, "Sioni. Mjukuu wangu atanisomea. Nataka nijue kama alilirudisha shamba."

Nilimpa. Sikumwambia mwisho wake.